Walisema Hatulii, Mimi Nasema Bibi Yangu Alikuwa Msanii

Ukitaja mkeka huku mjini, vijana wanajua unaongelea betting. Wa kwangu leo ni mkeka kweli, wa ukindu, na aliyeusuka ni bibi yangu mzaa mama, mtu wa delta ya Rufiji huko Kibiti. Ametutoka mwaka jana.

Kwa asiyejua, mkeka hauji hivihivi. Ukindu unakatwa porini, unaanikwa, unachanwa, mwingine unachemshwa na rangi. Halafu unasuka ukili, utepe mrefuuu, ndiyo unaushona mzunguko kwa mzunguko mpaka mkeka utimie. Kazi ya wiki na wiki. Ukipotea hesabu, ua linapinda, fumua anza upya.

Bibi alikuwa na maua yake mwenyewe. Moja aliliita Maji Kupwa Maji Kujaa, mistari ya bluu inapanda na kushuka, maana kule delta maji ndiyo saa. Yakipwa, mtumbwi unakaa kwenye tope katikati ya mikoko, mnasubiri tu. Jingine aliliita Manowari, jeusi na zambarau, kwa ajili ya Königsberg, ile meli ya Wajerumani iliyojificha kwenye delta, Waingereza wakaifuata, ikaishia humohumo mwaka 1915. Yeye hakuiona. Alisimuliwa na bibi yake, akaisuka.

Na hakuwa mtu wa kusuka akasubiri mteja aje. Anafunga mikeka yake, anapanda boti Nyamisati, huyo Mafia. Lindi amefika enzi zile Daraja la Mkapa halijafunguliwa, kabla ya 2003, mto unavukwa kwa pantoni. Anarudi baada ya wiki mbili na hela, nyimbo mpya, na rangi ambayo hakuna mwenzake kijijini anayo.

Waume wawili walimwacha kwa sababu hiyo. Watu wakasema, "Yule mwanamke hatulii." Aliposikia alicheka sana. "Maji yakituama yananuka," akawajibu.

Sasa nikwambie. Ada yangu ya shule ya kata, 20,000 kwa mwaka kabla ya elimu bila malipo kuanza 2016, ilitoka kwenye ukili ule. Sare na madaftari vilevile. Kutotulia kwake ndiko kulikonifikisha form four.

Kwenye arobaini yake wazee walimsema vizuri: mcha Mungu, mpishi, mlezi wa wajukuu. Yote kweli. Ila hakuna aliyetaja safari wala maua, kama vile ni aibu ya kumfichia marehemu. Iliniuma aisee. Angekuwa mwanaume wangemwita fundi, wangemwita msafiri, na stori zake zingepigwa mpaka asubuhi.

Ukili wake wa mwisho anao mama mdogo. Ni Maji Kupwa Maji Kujaa, umefika nusu. Wanawake watatu wanaojua kusuka wameujaribu, wote wameshindwa kuliendeleza lile ua. Hesabu yake ilikuwa kichwani mwa bibi, na kichwa tumekizika.

Ndiyo maana naandika. Alikuwa msanii, tena msafiri, na hakuomba ruhusa ya mtu. Kama bibi yako yupo hai na mikono yake inajua kitu, mpe jina la kazi yake leo, na ukae pembeni yake akufundishe kuhesabu.