Tundu la Mafuta

Nimekabidhi kibanda. Spana, pampu ya upepo na karai la kuoshea gololi viko mikononi mwa mjukuu wa dada yangu, naye nionavyo ataviuza kabla msimu wa pamba haujaisha, afungue banda la bodaboda. Simlaumu. Ila kabla hajauza, nataka niandike juu ya ubishi mmoja nilioingia nao kijana na nimetoka nao mzee: habu ya baiskeli iwekwe mafuta au iwekwe grisi? Aliyenianzishia ubishi huo amekwisha kufa, kwa hiyo leo nasema peke yangu, na sitaficha kwamba hilo linanifaa.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa upande wa Tinde, nikachunga ng'ombe, nikapalilia pamba, nikaishia darasa la saba. Operesheni Vijiji ya 1974 ilipotuhamisha, nyumba ilibaki nyuma lakini baiskeli ya baba ilikuja nasi. Ilikuwa Raleigh, iliyonunuliwa kwa pesa ya pamba, na pale nyumbani ilikuwa na heshima kunizidi mimi. Siku friwili yake ilipogoma, baba alinituma niisukume hadi Shinyanga mjini kwa fundi. Niliirudisha imepona. Baada ya mavuno nikarudi kwa fundi yule bila baiskeli, nikaomba kazi.

Fundi huyo, niliyekuja kumwita mzee wangu, alijifunzia kazi katika duka la Mhindi enzi za Mwingereza, wakati baiskeli zikifika ndani ya makasha zikiwa vipande vipande, na fundi ndiye aliyezifanya ziwe baiskeli. Siku ya kwanza aliniita "ng'wanone", yaani mwanangu kwa Kisukuma, nikadhani amenipenda. Baadaye nikagundua ndivyo alivyomwita kila mtu ambaye hakuwa amelishika jina lake.

Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kuosha gololi kwa mafuta ya taa na kuzihesabu kwa vidole huku nikitazama pembeni. Habu ya nyuma ina gololi 18 za robo inchi, tisa kila upande. Ya mbele ina 20, ndogo kidogo. Mzee aliweza kunificha moja mfukoni mwake ili aone kama nitafunga gurudumu bila kuuliza. Alinifundisha pia kwamba pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume, na kikombe cha krenki cha upande wa cheni nacho kinyume. Nimeona wanaume wazima wakining'inia kwenye spana, wanakaza wakidhani wanafungua, mpaka uzi unaliwa na fremu inaharibika.

Baiskeli kwake ilikuwa na sehemu za namna tatu: zinazokunywa, zinazokula, na zisizoguswa. Zinazokunywa mafuta ni cheni, friwili, maungio ya fimbo za breki, springi za kiti na kengele. Zinazokula grisi ni gololi za usukani, gololi za krenki, na bomba la kiti pale linapoingia kwenye fremu, maana likishika kutu halitoki hata kwa nyundo. Zisizoguswa ni ringi, raba za breki na matairi. Tone moja likidondokea ringi, teremka kwa miguu. Hayo yote nayakubali hadi leo. Ubishi wetu ulikuwa kwenye habu. Mzee aliiweka kwenye zinazokunywa.

Hoja yake ilianza na tundu. Raleigh za zamani zina tundu dogo katikati ya habu, limefunikwa na kipande cha chuma cha springi unachokisogeza kwa kidole. "Mwingereza hakutoboa pale kwa urembo," alisema. Kila Jumamosi: sogeza kifuniko, dondosha mafuta ya cherehani, zungusha gurudumu, futa yanayotoka pembeni. Mafuta mapya yanaingia, uchafu wa wiki unatoka nayo. Na miaka ile nani angembishia? Baada ya vita vya Kagera maduka yalikuwa matupu. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye kopo moja la grisi alilificha. Hoja ya mafuta ilishinda kwa sababu grisi yenyewe haikuwapo.

Mambo yalibadilika nilipohamia upande wa dhahabu, Geita. Miaka ya tisini vijana wa Usukumani walikuwa wakifuata kila rashi iliyosikika, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, na mahali penye watu elfu wasio na barabara, baiskeli ndiyo lori. Ilibeba mifuko ya mawe kutoka duarani, yaani shimoni, kisha makarasha, mashine za kusaga mawe, yalipoingia ikaibeba hadi karashani. Ilibeba maji ya kuoshea dhahabu kwenye mwalo: madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 juu ya keria, na mwenye nayo anasukuma pembeni kwa sababu hana pa kukaa. Nilitandika turubai chini ya mwembe nikaanza kazi.

Ndani ya msimu mmoja niliona koni zilizoliwa kuliko nilizoziona Shinyanga miaka yote. Njia ya gololi, inayotakiwa kung'aa, ilikuwa na vishimo. Chanzo kilikuwa vumbi. Vumbi la Shinyanga ni la udongo. Linachafua, linakausha, lakini linasamehe. Dhahabu ya Geita imelala ndani ya mawe meupe ya kwatzi, na kwatzi hukwaruza kioo. Karasha linaisaga hadi iwe unga, unga unaruka, unatua kwenye habu yenye mafuta mepesi na kifuniko kilichopotea siku nyingi. Kinachopatikana humo ndani ni sawa na ile dawa ya kusagia valvu za injini. Hapo husemi umelainisha baiskeli. Unaisaga.

Nikaanza kufungua habu zote, kuziosha, na kuzijaza grisi hadi itokeze kidogo pembeni mwa koni. Ile inayotokeza ndiyo ukuta: vumbi linanata nje, linafutwa kwa kitambaa, halifiki kwenye gololi. Tundu nililiziba kwa mpira wa tyubu.

Niliporudi Shinyanga nilimwekea mzee koni mbili juu ya meza yake, iliyotoka kwenye mafuta na iliyotoka kwenye grisi. Alizigeuza kwa muda mrefu. "Baba, unaona mwenyewe," nilimwambia. Akaniuliza: "Na huo ukuta wako unaubomoa lini?" Alimaanisha kwamba mafuta humlazimisha mwenye baiskeli aje kila wiki, na akija fundi anaona spoku iliyolegea na breki iliyoisha. Grisi inamfundisha kusahau. Atakaa mwaka mzima, ukuta utageuka kuwa tope, tope litaingia ndani, na fundi atalaumiwa.

Sijawahi kusikia hoja nzuri kuliko hiyo kutoka kwa mtu aliyekosea. Mbeba mawe hana Jumamosi. Akikutana na fundi leo, hajui kesho atakuwa machimbo gani. Ukimpa kinga ya wiki moja, umemdanganya.

Niseme na hili, kwa kuwa wahusika wanajijua. Kulikuwa na muuza duka machimboni aliyekinga oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za makarasha, akaijaza kwenye chupa za maji na kuiuza kama oili ya baiskeli. Mafundi wenzangu waliichukua kwake kwa mkopo, kisha wakaniita mringaji kwa sababu niliikataa. Oili ile ni nyeusi kwa sababu ina masizi, chembe za chuma na asidi. Imeshafanya kazi yake ikachoka. Walioiweka walirudi kununua cheni mpya, na cheni ilikuwa inauzwa duka lilelile.

Ninyi vijana wa bodaboda mnaoikusanya oili hiyo na kuipaka kwenye cheni, nanyi sikilizeni. Cheni inahitaji mafuta ndani ya pini zake; yanayobaki nje ni chambo cha mchanga. Futa kwanza. Safisha kwa mafuta ya taa, iache ikauke, tone moja kila kiungo, zungusha, kisha futa tena mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Pima kwa rula: viungo 24 vya cheni ya baiskeli ni inchi 12 kamili. Vikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, itupe kabla haijala meno ya friwili.

Na kwenye friwili, nawasihi, msiweke grisi! Ndani yake mna vimeno vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba sana. Grisi ikishika vumbi inaganda, vimeno vinalala, na pedeli zinazunguka bure huku gurudumu limesimama. Ndivyo ilivyokuwa Raleigh ya baba. Mzee aliilaza ubavu, akadondosha mafuta ya taa kwenye ule mwanya mwembamba huku akiizungusha kinyume, mpaka yaliyotoka upande wa pili yakawa meupe. Akaiacha ikauke. Kisha mafuta ya cherehani, kidogo kidogo, sikio limeinama. Mlio ulififia, halafu ukarudi mkali. "Imeamka," alisema. Sijawahi kuifanya kazi hiyo kwa namna nyingine.

Shinyanga mjini daladala za baiskeli bado zipo, abiria nyuma kwenye keria yenye godoro, ingawa bodaboda zimezila nusu. Phoenix na Avon mpya nilizofungua miaka hii nyingi hazina tundu kwenye habu, na zinatoka kwenye kasha zikiwa karibu kavu. Ukinunua mpya, ifungue kwanza, uijaze grisi, ndipo uipande.

Mzee alipofariki, mwanawe aliniletea baiskeli ya marehemu. Habu ina tundu, kifuniko kipo, ndani mafuta safi ya cherehani, na koni zinang'aa kama jana. Akanitazama kwa ushindi. Nikamjibu kwamba baiskeli iliyokwenda kanisani Jumapili haiwezi kutoa ushahidi juu ya iliyobeba mawe ya Rwamgasa. Nikachukua kopo la grisi. Akakataa. Baiskeli ni yake, basi nikamwekea mafuta, nikapokea hela yangu, nikamwambia arudi Jumamosi.

Hajarudi.