Bukavu kwa furaha: siku tatu na watoto, mwezi wa saba

Uvira, Juni 2018



Watoto wetu wengi wanajua miji miwili nje ya Uvira, na yote miwili wanaijua kwa shida. Bujumbura ni mahali pa kukimbilia risasi zikilia. Bukavu ni mahali pa kupeleka mgonjwa aliyeshindikana hapa. Mtoto wa mmoja wetu aliposikia kwamba tutakwenda Bukavu, aliuliza: “Nani anaumwa?” Swali hilo ndilo lililotufanya tukae chini na kupanga safari hii. Tunataka watoto waende Bukavu mara moja bila mtu kuumwa.

Hatukukubaliana mara moja. Mama mmoja alisema wazi: “Mwezi wa tisa prime ya walimu inatungoja. Faranga ya kutembea itatoka wapi?” Neno lake lilikuwa la haki, na hakuna aliyemcheka. Tulizungumza Jumamosi mbili. Mwishoni tuliamua hivi: pesa ya shule haiguswi. Tangu mwezi wa pili tuna muziki wetu mdogo wa safari, kila mama akitoa kidogo siku ya soko. Asiyefikisha hatabaki nyuma na wanawe. Familia tatu zinabeba mtoto mmoja. Yule mama aliyeuliza ndiye anayetunza daftari, na hatoi faranga hata moja bila kuandika.

Tunakwenda wamama tisa na watoto ishirini na mmoja, tangu Ijumaa hadi Jumapili. Tumechagua mwezi wa saba kwa sababu shule zimefungwa na mvua imekatika. Wakati wa mvua mlima hubomoka na gari hulala njiani.

Njia ni mbili. Zote zinapita Kiliba, Sange na Luvungi mpaka Kamanyola. Kutoka pale, moja inapanda Ngomo ndani ya nchi yetu, mpaka Nyangezi na Bukavu. Haina mpaka wa kuvuka, lakini ni nyembamba, ina vumbi, na malori yanapishana kando ya korongo. Ya pili inavuka Bugarama, inapita Rwanda kwenye lami, kisha inaingia tena Kongo kwenye mto Ruzizi. Tumechagua ya pili kwa ajili ya wadogo wanaotapika. Hiyo inadai karatasi. Kila mama aulize ofisi ya mpaka mapema watoto wake wanatakiwa nini, na anayesafiri na mtoto wa mwenzake awe na barua ya wazazi. Tena, tusifunge chakula katika mifuko ya plastiki: Rwanda iliikataza tangu 2008, nao wanakagua. Tuchukue vikapu, sahani zenye mifuniko na vitenge.

Tutakapopita Sange, tutawaambia wakubwa jambo moja. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilipinduka pale. Watu walisogea kuchota, wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka, watu zaidi ya 200 wakafa, na watoto wengi walikuwa kati yao. Hatulisemi ili kuwatisha. Mwezi huu tena kuna Kombe la Dunia, na magari ya mafuta bado yanapita barabara ileile. Mtoto ajue: gari la mafuta likianguka, tunakimbia mbali, hatuchoti.

Baridi ni jambo lingine. Ziwa letu liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460. Mtoto wa Uvira anayelala bila shuka hajui usiku wa mwezi wa saba kule juu. Kila mtoto awe na triko, soksi na kofia. Si lazima viwe vipya: tumeanza kupitia nguo za mtumba pamoja, na triko lililombana mkubwa linamfaa mdogo wa jirani. Kitenge kimoja zaidi kwa kila mtoto wa mgongoni.

Kulala, tumekubaliana tusiwaangukie ndugu. Ndugu hawezi kukataa, lakini watu thelathini watamaliza unga wa mwezi wake. Tutalala katika nyumba ya wageni ya parokia, vyumba vimeshaombwa. Ndugu tutawasalimia mchana, na hatuendi mikono mitupu: tunabeba mchele wa bonde la Ruzizi na ndakala wakavu.

Kisha kanuni yetu kubwa: jambo moja kwa siku, kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote. Ijumaa ni ya kufika, kuoga na kula. Jumamosi asubuhi tunakwenda Lwiro, karibu kilomita 45 kutoka mjini, ambako kuna kituo cha utafiti kilichojengwa na Wabelgiji. Tangu 2002 hapo wanalelewa sokwe yatima, waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wauzaji. Tunataka watoto waone kwamba katika mkoa wetu kuna watu wanaoamka kila asubuhi kumpa mnyama yatima chakula. Mchana tunarudi, wadogo wanalala. Soko la Kadutu hatutakwenda na watoto. Msongamano ule unatosha kumpoteza mtu mzima.

Jumapili, baada ya ibada, tunashuka ukingoni mwa ziwa. Hapo tuna mambo mawili ya kuwaonyesha. La kwanza ni mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu. Maji yale yanateremka bonde lote mpaka yanaingia Tanganyika, karibu nasi. Njiani yanazungusha mitambo ya Ruzizi ya kwanza, ya miaka ya 1950, na ya pili, ya 1989. Taa inayowaka nyumbani, siku inapowaka, inatoka huko. La pili ni sambaza kwenye sahani. Samaki wale hawakuwa wa Ziwa Kivu. Walipelekwa kutoka ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1950, nao ni jamaa wa ndakala wetu. Maji ya Bukavu yanashuka kwetu, na samaki wetu wakapanda kwao. Mtoto akilijua hilo, hataona tena Bukavu ni mji wa wagonjwa tu.

Saa sita mchana tunaondoka, ili giza lisitukute bondeni. Asubuhi ya Ijumaa kabla ya kupakia tutawauliza madereva waliotoka juu habari za barabara. Ikiwa si nzuri, tunaahirisha, na pesa inabaki katika daftari. Hakuna mama atakayesema “tumeshalipa, twende tu.”

Kipindupindu hakina likizo. Tubebe maji yaliyochemshwa na sabuni, kipande kimoja kwa kila familia, na mikono ioshwe kabla ya kila mlo hata ndani ya gari. Watoto walale chini ya chandarua usiku wa kabla ya safari, kama kila usiku.

Tunakutana Jumamosi ijayo, saa tisa mchana, kupima matriko na kusoma karatasi moja moja. Kila mama aje na mtoto wake mkubwa, maana wakubwa ndio watakaoshika mikono ya wadogo. Tumewaambia tayari, nao wameanza kugawana: nani na nani.