Kesi Iliyorudishwa

Ukisoma hukumu kwa miezi, kama tunavyofanya sisi wanafunzi wa uzamili wa sheria, unazoea kukimbilia ukurasa wa mwisho uone nani kashinda. Kesi ya Mitu-Bell ilininyima raha hiyo.

Kijiji cha Mitumba kilikuwa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Septemba 2011 wakazi walipewa siku saba wahame. Walienda Mahakama Kuu, wakapata amri ya kuzuia ubomoaji. Novemba nyumba zikabomolewa, amri ikiwapo.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Januari 2021 Mahakama ya Juu nayo ikaitengua ile ya Rufaa, ikasema neno zito: maskini wasio na ardhi wakijenga makazi kwenye ardhi ya umma hawapati hati, lakini wanapata haki ya makazi ambayo sheria lazima iilinde. Kisha ikairudisha kesi Mahakama Kuu, iamue wapewe nafuu gani.

Nilimsimulia mama kwa simu, nikiwa na furaha ya mtu aliyepata sura nzima ya tasnifu. Akanisikiliza, akauliza, "Sasa hao watu wanalala wapi?"

Mama anajua anachouliza. Nikiwa darasa la nne, mwenye nyumba alitung'olea mlango kwa kodi ya mwezi mmoja. Usiku ule mama alikaa pale mlango ulipokuwa, sisi tukalala.

Nilirudi kwenye amri za mwisho. Jibu la swali lake halimo. Kisheria, ndivyo inavyopaswa: mahakama ya kwanza ndiyo inayopokea ushahidi, ndiyo yenye nafasi ya kupima nani anastahili nini. Siwezi kulaumu utaratibu huo. Lakini kurudisha jalada ni kulirudisha pale lilipoanzia, na wenyewe hawapo tena pale. Mtoto aliyezaliwa wiki ya ubomoaji alikuwa na miaka tisa siku ya hukumu ile.

Leo wakili wa kijiji kingine anaweza kuisimamisha buldoza kwa kutaja Mitu-Bell. Huo ni ushindi wa kweli. Wamelipiwa na watu wa Mitumba.