Tarime hadi Mugumu: Nyama ya Kwetu na Divai ya Wageni

Twendeni pamoja safari fupi. Twaanzia Sirari, mpakani na Kenya, twapita Tarime penye hewa ya baridi, migomba na kahawa. Kisha twafuata njia ya Nyamwaga na Nyamongo mpaka Mto Mara. Ng'ambo ni Wilaya ya Serengeti, na mji wake mkuu ni Mugumu, karibu na hifadhi ya wanyama.

Njiani utasikia harufu ya mbuzi wa kuchoma. Huko Mugumu vijana wetu hutafuta kazi katika hoteli za watalii, na watalii wengi wapenda divai nyekundu kwa chakula cha jioni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini yafaa mwenyeji ajue mgeni anakunywa nini. Tena siku hizi chupa hizo zaonekana hata katika arusi zetu.

Tuchukue divai ya Rioja, nchi ya mizabibu kaskazini mwa Hispania. Zabibu yake kubwa huitwa Tempranillo. Jina hilo latoka katika neno la Kihispania lenye maana ya "mapema", kwa kuwa huiva mapema. Ukisoma kwenye chupa "Crianza", ujue divai hiyo imetunzwa miaka 2 au zaidi, na katika hiyo si chini ya mwaka 1 ndani ya pipa la mti wa mwaloni. "Reserva" ni miaka 3, na "Gran Reserva" ni miaka 5.

Ukiionja peke yake, utaona ukakasi mdomoni kama wa ndizi mbichi. Usiitupe! Kula kwanza kipande cha nyama yenye mafuta na chumvi, kisha uonje tena. Mafuta hulainisha ule ukakasi. Ndiyo maana watu wa Rioja huchoma mbavu za mwana-kondoo juu ya matawi makavu ya mizabibu, na hupika viazi pamoja na soseji.

Basi kwetu yafaa kwa mbuzi wa kuchoma, nyama ya ng'ombe, maharage yaliyoungwa vizuri, na ugali wa mtama au wa muhogo. Haipatani na dagaa wala samaki wa mafuta, kwani huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili nyingi nayo huifanya iwake kooni. Mchana wa joto, tia chupa katika ndoo ya maji ya mtungini kwa nusu saa. Ikisha funguliwa, imalizwe katika siku chache, la sivyo itakuwa siki.

Sasa sikilizeni neno kubwa. Divai si ya kukata kiu. Chupa moja ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 13 au 14 ina kileo sawa na chupa 4 za bia za nusu lita. Anayeinywa kama pombe ya wimbi ataanguka kabla bibi arusi hajaketi. Chupa moja ni ya watu 5, glasi ndogo kwa kila mmoja, tena baada ya kuanza kula. Watoto na mama wajawazito wasipewe kabisa.

Wala baba wa nyumba asiuze mbuzi ili anunue chupa ya ng'ambo. Dodoma ina mizabibu yake. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Bihawana katika miaka ya 1950, na leo huvunwa mara 2 kwa mwaka. Divai nyekundu ya Dodoma isiyo tamu hukaa vema na nyama ile ile.

Mbuzi na abaki zizini mpaka siku ya karamu, kisha aliwe kwanza, na divai imfuate. Hapo wageni watashiba, nao watarudi kwao kwa miguu yao wenyewe.