Kitunga cha Masuku

Mama mukubwa, tunakuandikia humu ndani ya gazeti la masomo yetu, juu wenzetu nao wasome, sababu nao walikula. Kitunga kilifika siku ya posho na kamiyo ya njia ya Kasenga. Kisha saa moja tu ilibaki maganda na mbegu. Aksanti sana, aksanti mingi.

Wenzetu wengine waliozaliwa katikati ya Lubumbashi wanajua maembe tu, yale ya miti ya kando ya barabara. Walishika lisuku wakauliza: tunalimenya ao tunaliuma? Tuliwaonyesha: unalipasua kwa vidole, unafyonza ile nyama tamu, unatema mbegu. Mmoja alimeza mbegu zote, akaogopa usiku muzima!

Lakini kuna habari ingine dereva alituletea, na wewe hukututumia. Alisema mtu wa makala alikuja kukuomba ile miti yako ya masuku kando ya shamba, na feza ilikuwa mukononi mwake, ukakataa. Na ni mwaka huu ambapo mihogo yako haikutoa vizuri, na sehemu ya feza ya masomo yetu inatoka kwako. Tulinyamaza sisi wote wawili. Hatujui kama sisi tungekataa.

Hatuwezi kumutukana yule mtu. Lubumbashi ilianza mwaka wa 1910 juu ya shaba, na leo iko na watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wanapika na makala, sababu umeme unakatika kila mara. Hata sisi, masuku yako tulikula tukikaa karibu na mbabula. Ile makala ilitoka ku pori gani? Pengine ilikuwa muti wa masuku.

Mwalimu wetu wa biolojia alitueleza kwamba kuna masuku dume na masuku jike, na jike peke yake inazaa. Watu wanaona muti hauzai, wanaukata, na bila dume jike nayo haitazaa. Tena bowa nyingi tunazookota wakati wa mvua zinaishi pamoja na mizizi ya miti hiyo. Muti ukikatwa, nazo zinakwisha. Mama mukubwa, kama kati ya miti yako kuna mmoja usiozaa, tafazali uuache.

Habari zetu: mama hakohoi tena. Yaya alizaa mutoto muke, na jina ni lako. Analia kwa sauti kubwa, baba anasema sauti nayo ni yako. Mudogo alipata 14 juu ya 20 ndani ya hesabu. Likizo ikifika tutakuja kuokota bowa, na kulima.

Dereva anarudi na kitunga siku ya kwanza. Ndani tumetia sabuni mbili, chumvi, na hii karatasi.