Kijibwa cha Kampala na Ua Alikozaliwa

Kampala hujulikana kwa vilima vyake, na usiku kila upande una sauti yake. Huko Kololo na Nakasero mbwa wakubwa wa ulinzi hubweka nyuma ya kuta ndefu; chini mabondeni, kuelekea Bwaise, hubweka mbwa wasio na kamba wala mwenyewe. Siku hizi imezuka sauti ya tatu, nyembamba: ya mbwa wadogo wenye manyoya marefu, wanaofugwa ndani kwa kuwa ua ni finyu.

Mbwa si mgeni katika nchi hii. Buganda ina ukoo wa Mbwa, na mji wenyewe ulipata jina kutokana na swala pala waliokuwa vilimani hapa. Penye swala hapakosi mwindaji, wala mwindaji hakosi mbwa. Ajabu ni kwamba twatafuta vijibwa vya asili ya Ulaya, ilhali katika miaka ya 1930 Waingereza walimchukua kwao mbwa mdogo wa Kongo, asiyebweka sana, wakamwita Basenji: jina la asili moja na lile tunalomtukania mbwa wetu, yaani mshenzi.

Nilipokuwa Kampala kwa shughuli za kazi, shemeji yangu alitaka kumnunulia mama yake mjane kijibwa cha kumliwaza. Muuzaji wa kwanza tulimkuta kando ya barabara, na sanduku lenye vijibwa vitano vyeupe kama pamba. Tulipouliza habari za mama yao, alijibu yuko shambani. Umri? Miezi miwili. Lakini meno yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza, na matumbo yamevimba kwa minyoo.

Hapo ndipo ulipo mtego. Kila mtoto wa mbwa ni mdogo, hata yule atakayekuwa jibwa la kilo thelathini. Karatasi ya nasaba yaweza kuchapwa na yeyote mwenye mashine. Ushahidi ulio karibu zaidi ni mama mwenyewe, anyonyeshaye mbele ya macho yako: ukubwa wake, ngozi yake, na tabia yake kwa mgeni. Asiyekuruhusu kuingia uani mwake, muage kwa heshima uende zako.

Jirani wa shemeji alinunua barabarani. Siku ya nne kijibwa kilitapika, kikaharisha damu, kikafa, na watoto wakalia wiki nzima. Ugonjwa huo, uitwao parvo, huacha virusi ardhini kwa miezi mingi, hata kijibwa kingine kisichochanjwa kikiletwa ua ule ule huweza kufa vivyo hivyo. Na kichaa cha mbwa kina hatari kubwa zaidi, kwani dalili zikishamtokea binadamu, ni nadra mno kupona.

Huko Ntinda tulifunguliwa lango bila ajizi. Mama mbwa alikuja mwenyewe kutunusa. Hakuzidi kilo nne. Mfugaji, mama wa makamo, alitoa kadi ya kila mbwa wake mkubwa, yenye sahihi ya daktari wa mifugo na kibandiko kilichotolewa kwenye chupa ya chanjo. Alitueleza kuwa chanjo ya kwanza hutolewa kati ya juma la sita na la nane, kisha hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hadi juma la kumi na sita; ya kichaa hungoja miezi mitatu. Wala hakuchukia tuliposema tungependa kijibwa kipimwe na daktari wetu. Madaktari hao si haba mjini, maana Makerere imekuwa ikifundisha utabibu wa wanyama tangu 1971.

Kisha ikawa zamu yake kuuliza. “Ssebo, huyo mama anakaa na nani mchana? Ua una uzio? Akisafiri, nani atamlisha?” Shemeji alijibu yote, akafungua mkoba.

Mfugaji akakataa fedha. Vijibwa vilikuwa na majuma matano tu, na kabla ya majuma manane hakuna anayeachana na mama yake. “Nnyabo, rudi baada ya majuma matatu,” alimwambia shemeji, “na uje na mama mwenyewe, nimwone atakayemlea.”

Tukashuka kwenda kutafuta matatu, mikono mitupu.