Binti Yetu Alipopewa Kitabu cha Darasa la Pili

Akina mama wenzangu wa kanisani wameniuliza mara nyingi juu ya ile shule ndogo ya Kikristo aliyosoma binti yetu kwa miaka miwili. Wengine wamesikia kwamba pale hakuna mwalimu anayesimama ubaoni. Wengine wameambiwa kwamba mtoto hujisahihishia kazi mwenyewe na kujipandisha darasa apendavyo. Nimeona heri niandike yale tuliyoyaona, mazuri pamoja na yaliyotutia wasiwasi, ili mzazi anayefikiria njia hiyo ajue la kuuliza kabla ya kulipa ada.

Sisi tunakaa Ruanda, si ile nchi jirani, bali Ruanda yetu ya wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Shule ilikuwa Mbeya mjini, na binti alikaa kwa mama yake mdogo, akirudi nyumbani Ijumaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi, ametoka kumaliza darasa la tatu katika chumba chenye watoto zaidi ya tisini. Alama zake zilikuwa za wastani, mwandiko mzuri, tabia njema. Hakuna mwalimu aliyewahi kumlalamikia.

Siku za kwanza hakufundishwa kitu. Alipewa majaribio ya kupima anajua nini na hajui nini. Majibu yalipotoka, tuliambiwa kwamba katika Hesabu ataanza ngazi ya pili, kijitabu namba 1013, na katika Kiingereza ataanza mwanzo kabisa. Baba yake alinyamaza njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema, "Yaani tunalipa ada ili mtoto arudishwe darasa la pili?" Bibi yake wa upande wa baba alitaka kujua mtoto amefanya kosa gani.

Aliyetutuliza ni mama yangu mzazi. Yeye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika ile kampeni iliyoshika kasi baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwenye mtihani wa Taifa wa mwaka 1975 aliweza kusoma, lakini hesabu zilimshinda, akapangiwa hatua ya chini. Akarudi kukaa chini ya mti na wenzake, akafaulu katika mtihani wa mwaka 1977. "Mimi nilirudishwa nikiwa na mtoto mgongoni," alimwambia mkwewe, "na leo ninasoma mwenyewe karatasi ya malipo ya kahawa."

Sasa nieleze jinsi wanavyosoma. Mpango huo unaitwa Accelerated Christian Education, na kwa bahati ulianzishwa mwaka huo huo wa 1970, huko Texas, Marekani, na Donald Howard na mkewe Esther. Umeenea katika nchi nyingi, na jirani zetu wa Kenya wana shule kadhaa za namna hiyo. Kila somo limegawanywa katika vijitabu, kumi na viwili kwa kila ngazi. Mtoto hukaa kwenye meza yake inayotazama ukuta, yenye ubao wa kumkinga kulia na kushoto, na meza hiyo huiita ofisi. Kila siku huandika katika kadi ya malengo kurasa atakazofanya. Akikwama husimamisha bendera ndogo, msimamizi humjia. Akimaliza kurasa fulani huenda kwenye meza ya kusahihishia, hufungua kijitabu cha majibu na kujisahihishia kwa kalamu nyekundu, kisha hurudi kurekebisha alipokosea. Mwisho wa kijitabu hufanya mtihani bila kuangalia popote. Akipata chini ya asilimia 80 hurudia kijitabu.

Nilielewa faida yake siku nilipoona lile jaribio la Hesabu. Palikuwa na swali la kutoa 178 katika 403. Binti aliandika 375. Nilimwuliza amefanyaje, akanionyesha bila wasiwasi: nane na tatu, saba na sifuri, nne na moja, kila mahali alitoa tarakimu ndogo katika kubwa. Hakujua kukopa. Alikuwa amepita darasa la pili na la tatu na shimo hilo, na kwa kuwa maswali mengine hayakuhitaji kukopa, alikuwa anapata nusu ya alama na kupandishwa. Simlaumu mwalimu wa watoto tisini. Lakini katika kazi yangu, homa iliyoshushwa kwa dawa ya maumivu bila kupima damu huwa inarudi usiku. Kwa kijitabu namba 1013 na vichache vilivyofuata, shimo lile lilizibwa katika muda usiofika miezi mitatu.

Hata hivyo, maneno "mwendo wake mwenyewe" yanaweza kumdanganya mzazi. Kila mama anaijua kadi ya kliniki, yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu. Hatumlinganishi mtoto wako na wa jirani. Tunatazama mstari wake unavyopanda. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo tunauliza maswali, hata kama bado uko kwenye kijani. Katika muhula wa pili mstari wa binti yetu ulilala. Wiki tatu alikuwa kwenye kijitabu kimoja cha tahajia ya Kiingereza. Msimamizi alikuwa na watoto wengi wa umri mbalimbali, na bendera ya mtoto mpole inaweza kusimama muda mrefu. Tuliligundua jambo hilo kwa sababu mama yake mdogo alikuwa akitazama kadi ya malengo kila jioni kama tulivyopatana. Nilikwenda shuleni, tukakubaliana asogezwe karibu na meza ya msimamizi.

Halafu likaja jambo zito zaidi. Msimamizi alituita akatuonyesha kijitabu cha Hesabu ambacho karibu hakikuwa na alama nyekundu hata moja. Mtihani wake, asilimia 54. Alikuwa amenakili majibu pale mezani.

Njiani kurudi nilimwuliza kwa nini. Alilia, kisha akasema, "Wenzangu wote wana nyota nyingi, mama." Kumbe kila kijitabu kinachomalizika hubandikiwa nyota kwenye chati ya mtoto, na chati ziko mahali pa kuonekana. Watu wazima walikuwa wameondoa namba moja na namba ya mwisho darasani, watoto wakaitafuta kwenye nyota. Nilimweleza habari za mgonjwa wa kifua kikuu anayeweka alama kwenye kadi kwamba amemeza vidonge, kumbe amevificha chini ya godoro. Kadi inapendeza, mapafu yanazidi kuoza. Aliuliza kama mgonjwa huyo alikufa. Nikamwambia wapo waliokufa. Alirudia kijitabu chote, na baba yake, ambaye awali hakuupenda mpango huu, alikaa naye Jumamosi nne mfululizo ukurasa kwa ukurasa. Safari hii alipata 88.

Kuna mambo ambayo vijitabu havikumpa. Hesabu zao ni za dola na senti, za futi na inchi, kwa hiyo nyumbani tulimpimisha kahawa kwa kilo na debe. Kazi nyingi ni za kujaza neno lililokosekana, na mtoto anaweza kujaza vizuri bila kuweza kueleza. Tena anayekaa ameukabili ukuta hapati mazoezi ya kubishana na wenzake. Tulimwekea zamu ya kumfundisha bibi yake kila Jumamosi jambo moja alilosoma, kwa Kiswahili. Bibi hakuwa mwanafunzi rahisi.

Gharama nayo ina siri yake: mtoto huandika ndani ya kijitabu hicho hicho, kwa hiyo mdogo wake hawezi kukirithi.

Lakini swali kubwa kuliko yote ni la mtihani, na nawasihi mliulize siku ya kwanza. Katika nchi yetu mtoto hufanya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi kwa kusajiliwa Baraza la Mitihani kupitia shule yake. Vijitabu hivi vina mitaala na vyeti vyao, na mwenye cheti cha nje hulazimika kwenda Baraza hilo kutafuta ulinganifu. Mzazi mwenye uwezo wa kumsomesha mtoto nje hadi mwisho ana hesabu nyingine. Sisi tulijua kahawa yetu na mshahara wangu vinafika wapi. Baada ya miaka miwili tulimhamishia shule iliyosajiliwa hapa Mbozi. Walimpima, wakampokea darasa moja nyuma ya wenzake wa umri wake. Safari hii nyumbani hakuna aliyenuna.

Mwalimu wake mpya aliniita mwezi wa kwanza. Nilidhani kuna tatizo. Alisema mtoto huyu ana tabia ya kunyoosha mkono katikati ya somo na kusema hapo hajaelewa, na kwamba wengine wameanza kumwiga, kipindi hakiishi kwa wakati. Sikujua kama analalamika au anasifu, nikamwomba amvumilie.

Mdogo wake anatimiza miaka sita mwakani. Baba yao anataka aende Mbeya kwenye vijitabu angalau mpaka ajue kusoma na kuhesabu sawasawa. Mimi nataka kwanza nijue msimamizi ana watoto wangapi.